Mdogo wangu, hilo jina ulilicheka wewe

Mdogo wangu,

Nimeiona kura yako ya jina la mtoto kwenye grupu la familia. Elizabeth au Margaret, pigeni kura, na vimoyo kibao pembeni. Shemeji anataka Elizabeth kwa sababu ni jina la mama yake, wajomba wanataka Margaret kwa ajili ya marehemu Mama, kuna mmoja kaleta jina la tatu ambalo hakuna aliyemuuliza, na wewe unanifuata inbox eti "dada mbona kimya?" Niko kimya kwa sababu ninachotaka kusema hakienei kwenye kura, na kwa vile umeamua kila mtu achangie basi na mimi nakujibu hadharani.

Kwanza hongera. Inatoka moyoni kabisa. Hiyo mimba imekulaza sana na hujawahi kulalamika, mimi ningeshawapigia simu ndugu wote usiku wa manane.

Sasa majina. Ukiniuliza mimi, Elizabeth. Jina halina umri, mtoto wa chekechea analiweza na bibi wa miaka 90 analiweza, akiliona refu atalikata mwenyewe anavyotaka, Eliza, Liza, Beti, Elsa. Kwenye Biblia lipo. Margaret kwenye Biblia humkuti, na yule mtakatifu Margaret wa Antiokia wanayemuomba wajawazito, yule anayesimuliwa kwamba alimezwa na joka akatoka mzima, Kanisa Katoliki lilimtoa kwenye kalenda yake ya jumla mwaka 1969 maana habari zake hazina ushahidi. Marekani wana orodha za majina ya watoto zinazorudi nyuma mpaka 1880, Margaret lilikuwa kumi bora mpaka miaka ya 1930 halafu likaporomoka, Elizabeth wala halijawahi kupotea. Yule malkia Elizabeth wa Uingereza alizaliwa 1926 akafa 2022 na jina lake lilikuwa halijachuja. Mdogo wake, unajua, ndio Margaret mwenyewe, wa 1930. Mama yao alitaka kumuita Ann, babu mtu ambaye ndiye mfalme hakulipenda, likaishia hapo, wakatafuta jingine. Yaani hata ikulu mtu mmoja akikunja uso jina linakufa.

Na hilo nalijua vizuri, na wewe unajua kwamba nalijua.

Unakikumbuka kile chumba. Mimi nimejifungua juzi yake, nimekaa upande kwa sababu ya mshono, Mama yuko kwenye kiti cha dirishani na mtoto mapajani, anamvisha soksi, mtoto anairusha, anamvisha tena. Nikasema nataka aitwe Margaret. Hilo jina nililibeba mimba nzima pamoja na mtoto, hata baba yake nilimwambia mwishoni. Ukacheka. Wala sio kutabasamu, ulicheka mpaka ukashika meza, "Magreti? Dada jamani, jina la bibi kizee hilo, mtoto si atachekwa shuleni?" Ukalitamka hivyohivyo, Magreti, kama majirani walivyokuwa wanamuita Mama, na mwenye jina amekaa hapo ungenyoosha mkono ungemgusa. Mama naye akacheka. Lakini mimi nilimuangalia mikono, ile soksi alikuwa ameishika tu, havishi tena. Akasema, "Kweli, mwekeeni la kisasa, haya yetu yameshapitwa." Wewe ukatoa simu ukaanza kutusomea majina ya kisasa.

Kuna watu huwa nawasimulia hii wananiambia si ungesimamia msimamo wako, jina la mtoto ni la mama mtu, mbona Elisabeti wa kwenye Luka alisimama? Ni kweli alisimama. Siku ya nane majirani na jamaa walishaamua mtoto ni Zakaria kama baba yake, yeye akasema hapana, ataitwa Yohana, wakamjia juu kwamba kwenu hakuna mwenye jina hilo. Lakini Elisabeti alikuwa na mume, bubu na ububu wake, akaomba kibao akaandika "jina lake ni Yohana", kesi ikaisha. Mimi wa kwangu alishashika kalamu ya kujazia fomu anakuangalia wewe umtajie herufi! Na ningebishana vipi mbele ya Mama? Nianze kumtetea kwamba jina lake sio la kizee, naye yupo anasikia? Ningemuaibisha mara mbili. Nilinyamaza kwa ajili yake, na ikirudiwa siku ile nanyamaza vilevile.

Mwanangu kabaki na lile la kisasa lenye Y ambayo kwenye cheti iko katikati na kwenye kadi ya kliniki iko mwisho, kila ofisi anaulizwa linaandikwaje. Nalipenda kwa sababu ni lake.

Ila sasa Mama hayupo na wewe unaandika kwenye grupu "majina ya zamani yana uzito wake jamani". Yana uzito, ndiyo. Uzito huo ulikuwepo mwenyewe akiwa hai, akiweza kumuita mjukuu wake kwa jina lake mwenyewe akasikia linavyosikika. Mbona hukuuona?

Halafu nikishakasirika hivi nakumbuka kwamba zile siku za mwisho wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza, unamuosha, unalala kwenye kiti. Mimi nilikuwa mbali napiga video call mtandao unakata. Hilo siwezi kukunyang'anya na sitaki.

Kwa hiyo ukiamua Margaret, liandike M-a-r-g-a-r-e-t, mwisho usiweke h. Unajua tulivyozungushwa kwenye mirathi, hati za kiapo juu ya hati za kiapo kwamba Margaret na Magreth ni marehemu yuleyule, kisa karani mmoja enzi hizo aliandika alivyosikia. Na usimuite Maggie, wala Meg, wala Peggy (hiyo P sijui waliitoa wapi). Greta sawa, Rita sawa. Maggie hapana, Mama alikuwa hageuki ukimuita hivyo.

Na kuna kitu kimoja hujakisema kwenye grupu. Kama Mama mwenyewe ndiye aliyekuomba hilo jina, usiku mmojawapo mkiwa wawili tu, nipigie unieleze alivyosema, neno kwa neno. Usiniandikie, nipigie. Ikiwa ni hivyo naiondoa kura yangu kwenye Elizabeth leo hiihii na wajomba hawatasikia kitu kutoka kwangu.

Dada yako