Gemu ya Lugalo: kuongeza askari sio kubalansi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila nikimwonyesha mtu gemu ya mezani niliyoichora ya vita vya Lugalo (Wahehe walivyowavizia Wajerumani kule Iringa) neno la kwanza ni "mbona Wajerumani wachache hivi, haiko fea", halafu anataka niwaongezee kampuni mbili tatu za askari ili nguvu zilingane. Jamani ukishaongeza hizo kampuni hiyo sio Lugalo tena, ni vita vyako wewe.

Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo, alikuwa safarini, hakujipanga kwa vita. Askari kama 300 na wapagazi zaidi ya 100 wamefuatana njia moja nyembamba, mizinga iko mgongoni kwa punda, na Wahehe karibu 3,000 wamejificha vichakani wakiongozwa na Mpangile, nduguye Mkwawa mtawala wa Wahehe. Inasimuliwa kuna afisa wa Kijerumani alimfyatulia ndege risasi, Wahehe wakajua ndio ishara, wakatoka. Dakika chache tu kwisha habari, Nyundo mwenyewe kafa kwa mkuki.

Sasa hapo unabalansi vipi? Nilianza vibaya sana. Kete zote nikaziweka wazi mezani, jamaa yangu aliyeshika Wajerumani akawaona Wahehe wamekaa pale, akasimama, akashusha mizinga, akasubiri. Nikasema sawa, ngoja Wahehe niwaandike kwenye karatasi wasionekane, yeye akawa kila zamu anatuma watu wakapekue vichaka. Si anaijua historia bana! Zelewski angekuwa na wasiwasi wa namna ile asingekufa siku ile. Tatizo lenyewe ndio hilo, mchezaji anajua kitu ambacho kamanda hakukijua, na huwezi kumwambia asahau.

Kwa hiyo nikaamua gemu ianze risasi ikiwa imeshalia. Unarusha dadu kuona kichwa cha msafara kimefika wapi kwenye ramani, kwa hiyo kuna siku mtego unafunga vizuri na kuna siku Wahehe wanatoka mapema nusu ya watu wao wako mbali bado. Mzinga kushuka kwa punda ni zamu tatu, na kila zamu unarusha dadu, ikitoka 1 au 2 punda anakimbia na mzinga wako (hii ndio sheria watu wanaipenda kuliko zote, wanacheka mpaka wanasahau zamu ya nani). Na aliyeshika Wajerumani simhesabii Zelewski kabisa, Zelewski ni marehemu tayari. Anacheza Tettenborn, afisa aliyekuwa nyuma ya msafara, ambaye alipanda kilimani na waliosalia akafanikiwa kuondoka nao. Pointi zake ni watu atakaowafikisha kilimani na kuwatoa nje ya ramani, basi.

Kwa Wahehe pointi ni bunduki na mizinga watakayoteka, ila kila kete mbili zikifa anakatwa pointi moja. Hapa ndio nimegombana na watu mno, wanasema naidhalilisha siku ya Mkwawa. Siidhalilishi hata kidogo, Lugalo Wahehe walishinda kweli lakini walipoteza watu wengi, na mwaka 1894 Wajerumani chini ya Gavana von Schele walipokuja kuivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa, watu hao hawakuwepo kuilinda. Mwanzo nilikuwa nakata pointi kwa kete tatu, Wahehe wakashinda mara tano mfululizo hata mimi nikachoka. Kwa kete mbili tumecheza mara nane, Wahehe nne, Tettenborn tatu, na moja iliishia kwenye ugomvi wa punda.

Wapagazi kuna walioniambia niwatoe maana hawapigani. Hawatoki ng'o! Wakitupa mizigo na kukimbia wanaziba njia, askari wa nyuma hawawezi kwenda mbele kusaidia, na ukiwatoa Tettenborn anakuwa na kazi rahisi ambayo hakuwa nayo.

Kwa hiyo anayesema haiko fea aje ashike Wahehe, tena asirushe kila kete mbele kwa zamu ya kwanza kama wote wanavyofanya, halafu tuhesabu mwisho kabaki na nani.

Mimi msomaji wenu,
Mchora ramani