Risala ya kikundi chetu cha kina mama na vijana kwa Mgeni Rasmi, Micheweni, Pemba, 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wetu, diwani, wazee, maalim wetu wa madrasa, viongozi wa vyama vyote mlofika, kina mama, vijana na watoto mlokaa kule chini ya mwembe,

Assalaam aleikum.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu alotujaalia kukutana tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kuikubali barua yetu, tunajua una shughuli nyingi na njia ya kuja huku si nzuri hasa kile kipande cha mwisho, na umefika saa nne kama ulivosema. Hilo tumeliona na limetupa moyo, manake wageni walopita tulikuwa tukiwasubiri mpaka adhuhuri.

Historia ya kikundi ni fupi. Tulianza Machi 2017 tukiwa 14, leo tuko 63, kina mama 41 na walobaki ni vijana. Sharti la kujiunga ni moja, huulizwi chama.

Kwa nini tuliweka sharti hilo unajua, ila kwa faida ya watoto tutasema kidogo. Oktoba 28, 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, Machi 20, 2016 ukarudiwa, wengine wakenda wengine wakasusa, na baada ya hapo tukasusiana wenyewe kwa wenyewe. Duka la huyu huyu hanunui, gari ya yule huyu hapandi bora ende kwa miguu, harusi unapeleka mwaliko unarudishiwa. Mimi nilosimama hapa kusoma nilimuona kwa macho yangu mzee mmoja wa mtaa wetu akizikwa na upande mmoja tu. Jeneza lilibebwa na watu wanane kutoka nyumbani mpaka makaburini na hakuna wa kuwapokea, na sisi tunajua jeneza hupokezanwa bega kwa bega kila hatua chache ili kila mtu apate thawabu. Wanaume wengine walisimama pembeni ya njia, kofia mkononi, wanatazama. Mmoja alikuwa analia na hakusogea. Bibi yangu aliniambia siku ile kuwa haya aliyaona tangu zama za siasa, ile miaka ya 1957 mpaka 1963, na akasema hakudhani atayaona tena kabla ya kufa.

Mafanikio. Mgeni Rasmi, kikundi kimepata mafanikio makubwa sana na tunajivunia. Tumenunua viti 60 vya plastiki, maturubai 3 na sufuria kubwa 2 za kupikia pilau, na vitu hivi anaazimwa yeyote bila ya kuulizwa anakaa maskani gani, yaani baraza ya chama gani. Msilione hili dogo. Zamani kila upande ulikuwa na viti vyake vimeandikwa rangi nyuma, sasa viti ni vya kikundi, ukitaka kufanya khitma unakuja kwetu, ukija kwetu unamkuta mwenye kuandika daftari ni wa upande wa pili, mtasalimiana tu hata kama hutaki. Pia tuna mfuko wa kukopeshana, tuna kina mama wanaolima mwani, na vijana wana timu ya mpira ambayo mwaka jana ilifika nusu fainali ya wilaya. Wanachama wetu wawili walonuniana tangu 2016 mwaka juzi wameozeshana watoto. Mola awape kheri.

Sasa tuje kwenye jambo letu.

Mgeni Rasmi, tunaelekea uchaguzi wa Oktoba na watu wana khofu, tukikwambia hawana tutakuwa tunakudanganya. Kina mama wameshaanza kuweka unga na mchele ndani, wenye jamaa Unguja na Tanga wanapanga kupeleka watoto mapema, na klipu kwenye magrupu ya wasap zinazunguka nyingine za zamani watu wanadhani za jana. Lakini matumaini pia yapo na hayo tunataka uyachukue. Vijana walozaliwa baada ya 2005 wanapiga kura mara ya kwanza, ukiwasikiliza barazani wapo wanaouliza nikapige ya nini, na wapo waloshika Zan ID zao, vitambulisho vya Mzanzibari, wanazikagua kama mtu alopewa tiketi ya ndege. Hao wa pili ndo wengi. Wanataka kuchagua halafu kesho yake waende baharini na mwenzao wa chama kingine.

Na tumewahi kuona kuwa inawezekana. Muafaka wa kwanza wa CCM na CUF ulikuwa 1999, wa pili Oktoba 2001 baada ya yale maandamano ya Januari yalopoteza roho za watu wetu na wengine wakavuka na mashua mpaka Shimoni Kenya, kisha Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu, na Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 tukasema ndio tunaitaka serikali ya umoja. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa mkali, asilimia 50.1 kwa 49.1, tofauti ndogo vile, na hapa kwetu watu walirudi majumbani wakapika wakala. Tulidhani tumeshavuka. Lakini maelewano yote hayo yalifanywa juu, wakubwa walipeana mikono na sisi tuliona kwenye televisheni, hakuna alokuja huku kumkalisha mwenye duka na yule aloacha kununua dukani kwake. Kwa hivo 2015 kulipotikisika juu, huku chini pakaanguka pote. Hata Disemba 2020 Maalim Seif, Mungu amrehemu, alipokubali kuingia tena serikalini tulifurahi, ila kufurahi peke yake hakukutufanya tukae pamoja.

Tunakosa pa kukaa, Mgeni Rasmi. Hili si fumbo, ni nyumba tunayoizungumza.

Hapa kijijini sehemu zenye paa za watu kukutana ni mbili tu ukitoa misikiti na skuli. Moja ni maskani ya chama hiki, nyingine ni tawi la chama kile, na zinatazamana. Sisi tunakutana chini ya mwembe huu. Kiangazi hakuna neno, lakini masika mvua ikishuka kila mtu anakimbilia pa kujikinga na anakimbilia kwao. Tunabaki tumegawana pande mbili tunatazamana, maji yanapita katikati, na kikao kimekwisha. Masika ya mwaka huu vikao 5 vimekufa hivo hivo, na kimojawapo kilikuwa cha kuzungumza namna ya kulinda amani siku ya kupiga kura.

Tulianza kujenga ukumbi wetu wenyewe 2018. Kiwanja alitoa mzee mmoja kama sadaka, matofali tulifyatua wenyewe, kina mama wakibeba maji kichwani, na nyumba ya mita 12 kwa 7 ikafika kwenye lenta mwaka 2019. Imesimama pale pale mpaka leo, unaiona hiyo nyuma yako yenye mpapai ndani. Ule mpapai haukupandwa na mtu. Umeota, umezaa, na watoto wameshakula mapapai yake.

Kwa heshima zote tunaomba tulieleze na hili. Wewe ni mgeni wa nne kusomewa ombi hili. Wa kwanza alisimama hapo ulipo akaahidi bati zote, tukapiga vigelegele. Wa pili alikuja karibu na uchaguzi wa 2020, akavua viatu akaingia ndani na futi ya fundi akapima mwenyewe, karatasi ya vipimo tunayo na katibu ataileta ukitaka kuiona. Wa tatu alisema hili limekwisha msilitie tena kwenye risala. Tukamsikiliza, mwaka uliofuata hatukulitia, na bati hazikuja. Hatuwataji kwa majina na hatumlaumu mtu, huenda mambo yaliwazonga, lakini kila ahadi ilipopita kuna watu walituambia mnaona, nyie mnajipendekeza kwa nani, na wanachama 11 wametuacha kwa sababu hiyo. Ahadi ikivunjwa huku kwetu haipiti bure. Kijana alosubiri bati miaka sita ukimwambia sanduku la kura linabadilisha mambo anakutazama usoni anacheka, na sisi ndo tunaobaki naye.

Tunachokiomba tumekipiga hesabu na fundi. Bati 72 za futi nane geji 28, mbao za kenchi na za papi, misumari, na saruji mifuko 30 ya kupiga lipu na sakafu. Ufundi tutajitolea wenyewe, chakula cha mafundi kina mama wameshagawana siku. Kama zote ni nyingi tupe bati tu, mbao tutahangaika.

Na tunaomba bati ziwe nyeupe. Zisiwe za kijani na zisiwe za zambarau, hizo ni rangi za vyama, zisije na bango, na siku ya kuzipokea pasiwe na fulana wala nyimbo za chama chochote. Samahani kwa kulisema hili mbele ya watu lakini tumelizungumza kwenye kikao na wanachama wote 63 wamelikubali. Paa likiwa na rangi ya mtu tutakuwa tumejenga maskani ya tatu.

Jambo jingine ni dogo, tuna vijana 9 bado hawajapata Zan ID na bila ya hiyo hakuna kujiandikisha kupiga kura, wamekwenda wamerudi, majina tumeyaambatanisha na tunaomba uyafikishe panapohusika kabla muda haujapita.

Kitabu cha wageni kipo mezani mbele yako. Ukurasa wako tumeuchora mistari, kuna pa jina, pa saini, na safu moja tumeiandika tarehe ya kuleta bati. Tunaomba uijaze leo kabla hujaondoka, hata ukiandika baada ya uchaguzi sisi tutaipokea, ila iwe tarehe. Mweka hazina, mama yule mwenye kanga nyekundu, atakukabidhi kalamu.

Naomba kuwasilisha.

Ni sisi wanakikundi,
imesomwa na katibu msaidizi.