Tutazame katuni pamoja na watoto

Mhariri,

Mwanangu alimsukuma dada yake, nilipomtaka aombe radhi akajibu, "Shujaa haombi radhi." Kayatoa kwenye katuni. Sizipingi filamu hizi. Nyingi hufundisha huruma na kumtetea mnyonge. Ila mara nyingi mzazi huonyeshwa kama kizuizi, na mtoto hufaulu kwa kumkaidi. Hapa Buganda msichana hupiga magoti kumwamkia bibi yake. Nani atamweleza mtoto mambo hayo mawili yanapatanaje, ikiwa tunamwachia televisheni tukaenda zetu?

Mwaka 2023 mtengenezaji katuni wa Uganda, Raymond Malinga, alitoa "Herderboy", katuni ya wachungaji wa ng'ombe wa zama zijazo. Vituo vyetu vya televisheni vionyeshe kazi kama hizo jioni, wazazi wakiwa wamerudi nyumbani.

Mzazi,
Ntinda, Kampala