Nyuzi tatu ndani ya bahasha

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na kile kitambaa ulichokitia rangi kwa majani ya mkaratusi, ukakikunja ndani yake, nimekipeleka dirishani nikakiangalia kwenye mwanga wa mchana. Ni kweli, kimetoka na rangi ya vumbi lililolowa, na najua siyo uliyoitarajia baada ya kuuona ule uzi wangu mwekundu kama tofali. Hata hivyo, majani yaliyobaki usiyatupe. Hayana kosa.

Ulichotia rangi ni pamba. Sufu na hariri hutoka kwa wanyama, na rangi ya mkaratusi hunasa humo yenyewe bila dawa yoyote ya kuishika. Ndiyo maana naupenda mti huu kuliko mimea yote niliyowahi kuichemsha. Pamba haipokei kirahisi hivyo. Ichemshe kwanza kwa sabuni mpaka itoe mafuta yake yote, uilaze usiku kucha kwenye maji yenye tanini, ule ukakasi wa mimea unaosaidia rangi kushika (majani ya mkaratusi yenyewe yanayo ya kutosha), kisha uiloweke kwenye maji ya shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Utapata njano au hudhurungi. Wekundu wa sufu usiutegemee kwenye pamba.

Jambo la pili ndilo nataka unisikilize sana: nusu saa uliyochemsha haitoshi. Mara ya kwanza na mimi niliutoa uzi ungali wa njano, nikauanika nikidhani kazi imekwisha. Baadaye nilirudia, nikakaa kando ya sufuria. Nilikuwa na gramu 100 za sufu na gramu 200 za majani yaliyokatwakatwa, niliyokuwa nimeyaloweka tangu jana yake. Niliyachemsha saa nzima, nikayachuja, nikaacha maji yapoe, ndipo nikatia uzi uliokwisha kulowa na kupandisha moto polepole. Sufu haitaki kushtuliwa. Ukiitoa kwenye baridi ukaitumbukiza kwenye maji yanayotokota, au ukiikoroga kwa nguvu, inasinyaa na kushikana.

Mwanzoni uzi ulikuwa njano tu. Baada ya saa moja niliuinua kwa kijiti: njano ilikuwa inageukia rangi ya chungwa, na pale nilipokaza kamba ya kufungia shada la uzi palikuwa bado peupe pe. Saa ya pili ikaja rangi ya kutu. Sikuutoa. Nilizima moto, nikafunika, nikaulaza humo hadi asubuhi, na maji yalipopoa kabisa uzi ulikuwa umezidi kukolea. Joto la muda mrefu, karibu na kuchemka, ndilo linaloutoa wekundu huo.

Lakini mti nao una neno lake. Mikaratusi ina aina zaidi ya 700, karibu zote asili yake ni Australia, na si kila moja ina wekundu. Ninayoitumia mimi ni ile yenye majani ya mviringo yaliyopakwa kama unga wa fedha, Eucalyptus cinerea. Kabla hujavuna mzigo mzima, chemsha majani machache na kipande kidogo cha sufu. Kikibaki njano hata baada ya saa mbili, mti huo ni wa njano, uutumie hivyo.

Angalia na sufuria yako. Yangu ya enameli ilikuwa imebanduka mahali padogo chini, chuma kikaonekana, na shada moja zima likatoka la kijivu kilichofifia. Niliumia sana siku ile, kwa maana nilikuwa nimelisokota mwenyewe. Chuma kikikutana na tanini huleta kijivu na weusi. Ukiitaka rangi hiyo, tia misumari yenye kutu kwenye maji na siki, uiache wiki moja au mbili, kisha tumia maji hayo kidogo sana, kwani chuma kikizidi huila nyuzi. Sufuria ya kazi hii isirudi kwenye mapishi kamwe, na madirisha yawe wazi, maana mvuke wake ni mkali.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea nyuzi tatu za sufu nyeupe, nimezifua tayari. Zitie zote pamoja kwenye maji ya majani yako. Baada ya dakika 40 toa mmoja, uufunge fundo moja. Baada ya saa mbili toa wa pili, uufunge mafundo mawili. Wa tatu ulale humo mpaka kesho yake. Zikikauka nirudishie zote, pamoja na jani moja la mti ulioutumia, ulibane kati ya karatasi mbili lisivunjike.

Nazisubiri.

Rafiki yako,
Mwanaidi