Bashraf isikatwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililoniuma mwezi uliopita, kwenye harusi ya binti wa dada yangu hapa Unguja. Tulialika kikundi kamili cha taarab: kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, udi, fidla nne, nai, akodiani, besi na dumbak. Wapigaji wakakaa, wakalinganisha nyuzi, wakaanza bashraf, kile kipande cha vyombo vitupu kinachotangulia nyimbo. Hazijafika dakika mbili, mshereheshaji akashika kipaza sauti akawataka waingie kwenye nyimbo, watu wanataka kutuza. Mzee wa kanuni aliinua vidole kwenye nyuzi, akavitazama, akanyamaza. Sura ile ninayo machoni mpaka leo.

Bashraf si kujaribu vyombo. Hapo ndipo okestra inaposema yenyewe, bila mwimbaji. Kanuni inatangulia, fidla zinafuata kila moja na mapambo yake, halafu wote wanarudi pamoja kwenye kipande kilekile, na msikilizaji anakuwa keshaingia ndani ya maqam, yaani mpangilio wa sauti wa muziki huo, kabla hajasikia neno hata moja.

Tunawakumbuka Siti binti Saad na Bi Kidude, na ni haki yao. Lakini kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na waimbaji wangapi wamepita humo? Kilichokibeba miaka yote hiyo ni safu ya wapigaji, kijana amekaa nyuma ya mzee anaufuata upinde wake kwa macho. Kwenye wimbo fidla kazi yake kubwa ni kumjibu mwimbaji. Kwenye bashraf ndipo kijana anapopimwa. Kinanda cha umeme kinatoa sauti ya fidla zote kwa kidole kimoja, tena ni nafuu kwa mwenye harusi, sikatai. Ila nyuma ya kinanda hakuna kiti cha kijana anayejifunza.

Wenye harusi, nawaomba dakika hizo chache tu. Watangazaji wa redio nanyi, mnaoweka bashraf kujazia muda kabla ya taarifa ya habari kisha mkaikata saa ikigonga, iwekeni mapema imalizike.

Mdogo wake bibi harusi naye anaolewa Disemba. Nimeshakwenda kwa yule mzee wa kanuni, tumekubaliana. Bashraf itapigwa mpaka mwisho, na kipaza sauti nitakishika mimi.

Msomaji wako,
Unguja