Babu Pua anakusalimu

Shosti wangu,

Salamu zako nimezipata, na uchokozi wako nao nimeupata: eti bustani yangu bado ipo au nimeshaizika? Ipo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kucha zimejaa udongo. Hiyo alama ya dole gumba unayoiona hapo juu ya karatasi usiifute, ndiyo saini yangu siku hizi.

Ila nisijitape mapema. Unanijua mimi, mtu niliyekausha hata ule mshubiri ulionipa ukiniambia "huu haufi". Safari hii nilianza na mbegu za nyanya. Nikajaza udongo kwenye trei, nikazifukia, kisha nikawa namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Mbegu za nyanya zikipata joto huota kati ya siku ya 5 na ya 10, na zangu zilitokeza siku ya saba. Laiti ungeona. Mche hautoki umenyooka, unatoka umejipinda kama ndoano, mgongo mbele, kichwa kimebaki ndani ya udongo, kama mtoto anayehangaika kuvua shati linalombana. Mmoja ulijinasua na ganda la mbegu likabaki limeng'ang'ania kwenye ncha za majani kama kofia. Nilikaa nikiutazama mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu baada ya kuota nikakuta miche imelala yote. Majani bado ni ya kijani, lakini shingo, pale mche unapokutana na udongo, zimesinyaa na kuwa nyembamba kama uzi. Ugonjwa huo unaitwa kinyausi. Vimelea vyake hupenda udongo uliolowa muda wote, na mimi nilikuwa nimeviandalia karamu mara tatu kwa siku. Miche ishirini na mbili, shosti. Nilihesabu.

Hapo ndipo nilipotaka kuacha. Sikuacha kwa sababu ya kipuuzi kabisa: ile trei tupu ilikuwa inanikera macho, nikatafuta kitu cha kuizibia. Unalikumbuka birika lako la bati, lile ulilolitelekeza kwangu ulipohama, mkono umelegea na kitako kina kutu? Nikalisimamisha pale. Likanitazama. Nakuapia, lilinitazama! Mdomo wake ule mrefu ni pua tupu, yaliyokosekana ni macho tu. Nikalipaka rangi ya manjano, nikalichorea macho mawili, moja likatoka kubwa kuliko jenzake, sura ikawa ya mtu aliyeambiwa umbea mzito. Watoto wa jirani walipochungulia wakalibatiza papo hapo: Babu Pua.

Sasa Babu Pua hawezi kuishi na kichwa kitupu, lazima awe na nywele. Nikamtoboa kitako kwa msumari na nyundo, matundu sita, nikampandia mrehani. Hapo nilikuwa nataka kumwekea kokoto chini kwanza, maana kila mtu anakwambia weka kokoto ili maji yapite. Kumbe ni kinyume. Maji yakiwa kwenye udongo laini hayakimbilii kuingia kwenye kokoto, yanasimama juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinayapandisha maji karibu na mizizi badala ya kuyashusha. Kinachotakiwa ni matundu ya kutosha na udongo mwepesi uliochanganywa na mboji kuanzia chini hadi juu. Basi.

Baada ya Babu Pua sikushikika. Buti la mvua lililochanika kisigino likawa nyumba ya maua, na huo mpasuko wenyewe ndio tundu la maji, sikuhangaika kutoboa. Kiti kilichotoka kitako nikakitumbukizia beseni bovu, mchicha umejaa, ukiuona utadhani kuna mtu mnene amekaa pale anasubiri kuitwa ndani. Mawe nayo nimeyapaka rangi. Makosa nimefanya pia: mkebe mmoja niliupaka rangi nyeusi kwa sababu niliona unapendeza, nikauweka juani. Bati jeusi juani ni kikaango. Kilichokuwamo kilinyauka kabla ya wiki kuisha. Na lile sinia la maji niliyowawekea ndege nilikuta linacheza viluwiluwi vya mbu. Mbu kwenye joto humaliza safari yake ya yai hadi kuruka kwa kiasi cha siku 7 hadi 10, kwa hiyo sasa namwaga na kubadilisha kila baada ya siku mbili. Ndege wanakuja. Wanakunywa, wanaoga, wanamnyea Babu Pua.

Najua unacheka na kusema huyu sasa amechanganyikiwa. Basi nikwambie, niko kwenye kundi la watu wenye heshima zao. Kule Uingereza, miaka ya 1840, tajiri mmoja aitwaye Charles Isham aliagiza vijisanamu vya wazee wafupi wenye ndevu kutoka Ujerumani, akavipanga kwenye bustani yake ya mawe huko Lamport. Kimebaki kimoja tu, kina jina kabisa, Lampy. Wenye bustani wa daraja la juu wakavidharau, hata maonyesho ya maua ya Chelsea yakavipiga marufuku, mpaka mwaka 2013 yalipotimiza miaka 100 ndipo vikaruhusiwa, tena kwa mwaka huo tu. Marufuku kwa kisanamu! Wangemwona Babu Pua sijui wangeita polisi.

Lakini ninayemhusudu hasa ni Nek Chand wa Chandigarh, India. Alikuwa mkaguzi wa barabara. Kuanzia 1957 alikuwa akiokota mabaki, vigae vya vyombo, bangili zilizovunjika, mawe yenye maumbo ya ajabu, anayapeleka kwenye korongo la msitu wa serikali na kuyajengea sanamu kwa siri, usiku. Siri hiyo ilidumu hadi miaka ya sabini. Wakubwa walipogundua wangeweza kubomoa kila kitu, lakini mwaka 1976 bustani ile ikafunguliwa kwa watu wote. Toka nimesoma habari zake, sahani ikinidondoka sisononeki tena. Vigae navikusanya kwenye mfuko, navisugua ncha kwa jiwe ili visikate, halafu navikandamiza kwenye saruji mbichi, nageuza upande wenye maua juu. Nimeshamaliza hatua nne za kijinjia. Hatua ya tatu ina kile kikombe cha bluu ulichonizawadia. Nisamehe, kilivunjika chenyewe.

Sasa nikueleze mapambo haya yamenifanyia nini, maana sikulitegemea. Kila jioni nilikuwa natoka kwenda kumrekebisha Babu Pua jicho, au kusogeza jiwe, na nikishachuchumaa pale macho hayana pa kwenda ila kwenye mimea. Ndivyo nilivyowaona vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, wamejipanga chini ya jani, wa kijani, wanono. Hao jike huzaa bila kungoja dume, tena huzaa watoto hai, ndiyo maana leo unaona watano na kesho kutwa ni ukoo. Pembeni yao nikaona vidudu vyeusi virefu vyenye madoa ya machungwa, sura kama mamba mdogo, nikaviponda vyote kwa hasira. Kumbe hao ndio watoto wa yule mdudu mwekundu wa madoadoa meusi, na chakula chao ni vidukari! Nilikuwa nimewaua askari wangu mwenyewe. Siku hizi nikimwona mmoja nampisha njia.

Nyanya nilipanda tena. Safari hii simwagilii kwa saa, namwagilia kwa kidole: nakichomeka kwenye udongo mpaka pingili ya pili, kikitoka kikavu natia maji, kikitoka na udongo ulioganda naondoka zangu. Yamenusurika mashina manne, yote yamefungwa kwenye vijiti vilivyotokana na mpini wa ufagio. Matunda ya mwanzo yaliiva na doa jeusi lililobonyea upande wa chini. Nikalia kuwa ni ugonjwa, nikataka kung'oa. Ni kuoza kitako, na chanzo tena ni mimi: nilisafiri siku nne, udongo ukakauka, niliporudi nikaufurikisha. Maji yakienda kwa kushtukiza namna hiyo, kalsiamu haifiki kwenye tunda vizuri hata kama udongoni imejaa. Nikaanza kumwagilia kwa mpango na kutandaza nyasi kavu kuzunguka shina, matunda yaliyofuata yakatoka safi.

La kwanza kuiva vizuri nililichuma juzi, saa kumi jioni, bado lina joto la jua. Nilikusudia kuliweka nikupigie picha. Nililila nimesimama palepale, maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo picha huna, vumilia.

Nina maombi mawili kwako. Vyombo vyako vikivunjika usitupe, niwekee, hasa vyenye rangi nyekundu kwa sababu hatua ya tano nataka iwe na jogoo. Na la pili, kifuniko cha lile birika hakikubaki kwako? Kitafute kwenye yale makorokoro yako. Mrehani umemjaa Babu Pua kichwani na nyuki hawabanduki, sasa nataka nimning'inizie kifuniko sikioni kama kipuli. Kwa sasa ana sikio moja tu, lile la mkono uliolegea.

Wako wa udongoni,
mimi yuleyule