Barua ya Wazi kwa Shangazi: Kwa Nini Siji Nyumbani Mwezi wa Julai

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Kila mwaka unaniuliza kwa nini siji nyumbani mwezi wa Julai, wakati kusi inavuma na joto la pwani limepoa, na kila mwaka nakujibu kwa maneno mawili matatu ya kukutuliza. Leo nakuandikia kwa kirefu, tena hadharani, kwa kuwa wapo wengi ughaibuni wanaoulizwa swali hilohilo. Sababu ni sherehe ya kijiji ninachoishi huku Uingereza, inayofanyika Jumamosi moja ya Julai kwenye uwanja wa kriketi ili kuchangia ukarabati wa paa la kanisa, paa ambalo tangu nilijue halijaacha kuvuja.

Usidhani ni jambo kubwa. Kuna meza za keki na vitabu vikuukuu, mashindano ya jamu, bendi ya matarumbeta, na tombola, yaani bahati nasibu, ambamo tiketi yenye namba inayoishia na 0 au 5 ndiyo inayoshinda. (Zipo chupa za sabuni ya kuogea ambazo mtu huzishinda mwaka huu na kuzitoa tena ziwe zawadi mwaka ujao, na hakuna anayethubutu kuzifungua.) Kinachonishika mimi ni kazi iliyo nyuma yake. Kamati huanza vikao tangu baridi haijaisha. Kwa kuwa bia huuzwa, halmashauri lazima ipewe taarifa si chini ya siku 10 za kazi kabla, kwa ada ya pauni 21, na watu waliopo kwa wakati mmoja wasizidi 499, sisi wasaidizi tukiwamo. Mweka hazina wetu anazijua kanuni hizo kama imamu anavyoijua Fatiha.

Mwaka wa kwanza niliomba nisipangwe kwenye hema la bia, na bila kuulizwa sababu nikapewa nazi. Naam, nazi. Huwekwa juu ya nguzo fupi, na watu hulipa ili wazitupie mipira ya mbao. Anayeiangusha moja huondoka nayo. Ni nazi zilizokwisha kufuliwa, zikasafirishwa baharini hadi huku ili zije kupigwa, na nakiri kwamba nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikukumbuka wewe na mbuzi yako ya kukunia. Baadaye mzee mmoja aliyeshinda alirudi na nyundo mkononi, akaniuliza aipasulie wapi. Niliomba kisu kizito, nikaishika nazi kiganjani, nikaigonga kwa mgongo wa kisu huku nikiizungusha, mpaka ikaachana vipande viwili na maji yakakingwa kwenye kikombe cha chai. Tangu siku hiyo banda langu lina foleni mbili, ya wanaotupa na ya wanaopasuliwa, wala sijahamishwa.

Mvua imetunyeshea zaidi ya mara moja, na mwaka 2020 korona ilituzuia kabisa. Mama aliyesimamia chai nilipofika ameshafariki, na birika lake kubwa linashikwa na mjukuu wake, ambaye zamani alikuwa akija bandani kwangu kuomba kipande cha nazi. Majirani hawa hawakuwahi kunikalisha kitako wakanikaribisha kwa hotuba; walinipa upande mmoja wa meza nibebe, nao wakashika wa pili, na tukafahamiana hivyo, meza baada ya meza, tangu asubuhi ya kupanga hadi jioni ya kuokota takataka.

Kwa hiyo nitakuja Agosti, inshallah, kama nilivyokuja miaka mingine. Lakini ukipata nafasi ya kutangulia wewe kuja huku, njoo Julai. Nimeshawaambia kwamba aliyenifundisha kupasua nazi ni wewe, na kamati imeshaanza kuulizia utafika lini.

Wako mtiifu.